Nililipasua Jiwe Aliloniachia Ba

Jina langu liacheni. Gongoni tunajuana, na cherehani yangu iko barazani kwa watu. Kosa ni langu. Shemeji alishika nyundo tu. Jiwe nililitoa mimi, kwa mikono yangu hii.

Ba ni bibi wa Kihindi, mwenye nyumba ninaposhonea. Wajukuu zake humwita Ba, nasi wote tukafuata. Baraza hanitozi hata senti. Kwenye chumba chake cha sala ana jiwe jeusi, laini, linalotosha kiganjani, lenye mchoro uliojizungusha ubavuni. Wazee wake walitoka nalo Uhindini, wakalibeba kutoka Bagamoyo hadi hapa Tabora kwa njia ya misafara. Kila asubuhi hulimwagia maji, hulifuta, huliwekea jani la mrihani. Kwake huyo ni Mungu.

Alipokwenda Dar kutolewa mtoto wa jicho, alinipa ufunguo. "Mwanangu, asikose kuoga. Maji na jani tu." Mimi Mkatoliki, nikasita. Akacheka. "Sikuambii umwabudu. Mwogeshe, kama mgeni wangu."

Nikakubali. Nikazoea, hata nikawa namwamkia.

Ndipo akaja shemeji yangu kutoka Urambo. Huyu ni mtu wa mali za Mjerumani. Mnawajua watu hawa: wanaamini Wajerumani walipokimbia vita walifukia dhahabu kando ya njia ya misafara, wakaweka alama kwenye mawe. Nilimwonyesha jiwe kwa kujigamba tu. Akalipimapima mkononi, macho yakamtoka.

"Shem, hii ni alama. Humu ndani mna kitu."

"Ni la Ba. Ni Mungu wake."

"Kwani yeye anajua ndani mna nini? Tunafungua, tunabandika na gundi. Nani atajua?"

Jamani, hakunilazimisha! Nilikuwa nimeshaanza kuona kiwanja changu, na cherehani ya umeme. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Akaweka tindo, akapiga. Likaachana vipande viwili. Dhahabu haikuwamo. Mlikuwa na konokono wa jiwe, amejikunja pingili kwa pingili, mzuri mpaka nikaogopa. Shemeji akasema, "Aa, konokono," akaniomba nauli ya kurudi kwao.

Nikalibandika, nikalirudisha mahali pake. Jioni Ba akapiga simu. "Ameoga?"

"Ameoga, Ba."

Ulimi wangu haukujikwaa hata kidogo. Hilo linaniuma kuliko ile nyundo.

Alirudi na macho yake mapya, wala hakuyahitaji. Kidole kilipita juu ya jiwe, kikafika kwenye ufa, kikasimama. Nikapiga magoti nikasema yote, nikilia.

Akalipakata jiwe, akasema, "Unadhani sikujua kilichomo? Ni mnyama wa bahari. Zamani, kabla ya watu, kule kwenye milima ya Nepali, lilikookotwa jiwe hili, palikuwa bahari. Akafia kwenye tope, tope likawa jiwe, mto ukaliviringisha mpaka likawa laini. Bibi yangu alinieleza nikiwa mdogo. Ungeniuliza tu, mwanangu, ningekuambia."

"Ba, nimemvunja Mungu wako."

"Huyu hata akivunjika ni yeye yule. Ataendelea kuoga."

Akaniomba uzi mwekundu, akavifunga vile vipande pamoja. Nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha. Kumbe bado. Alininyooshea mkono, akasubiri mpaka nikaelewa kuwa anataka ufunguo.

Barazani hajanifukuza, na shikamoo yangu anaiitikia. Lakini ule mlango uliokuwa wazi siku nzima, nikiingia kunywa maji kama kwangu, sasa una komeo kwa ndani. Asubuhi nasikia maji yakimwagika humo, nami nimeinamia kitambaa cha mtu, naona haya.

Wenzangu, ukiachiwa kitu cha mtu usichokielewa, muulize mwenyewe. Usiulize shemeji, wala usiulize nyundo. Mimi kuuliza kulinishinda, na swali lenyewe lilikuwa bure.

Majuzi Ba alikwenda tena Dar kuangaliwa macho. Jiwe alilitia kwenye mkoba wake. Akanipita hapa barazani, akaniaga vizuri, akavuka barabara kumwomba mama muuza vitumbua amwagilie mrihani wake.