Neno la Herufi Sita Nililolikalia

Sisi tuliosoma tukiwa tumekalia mawe tutaelewana hapa. Wengine wasome tu, hakuna atakayewafukuza.

Juzi nilikuwa nimetulia kwangu Mitunguu, kwenye nyumba ya ghorofa niliyoijenga bila digrii hata moja, nikamwona binti yangu Makena amekunja uso mbele ya simu. Nikadhani ni mambo ya mapenzi. Kumbe ni mchezo. Unatafuta neno la Kiingereza la herufi tano, na lazima liwe na herufi fulani ndani. Akakwama. Akaiuliza simu hiyo hiyo, ikammwagia maneno kama nyanya za soko la Meru siku bei imeanguka. Akachagua moja, akashinda, akajipigia makofi.

"Huo si ushindi," nikamwambia. "Huo ni uvivu."

"Baba, huu mchezo wewe huuwezi."

Mimi, bingwa wa Siakago.

Enzi zetu huko Siakago, mchezo huu tuliucheza kila Ijumaa baada ya kumwagia maji vumbi la darasani, yale maji ya mtoni tuliyobeba kichwani asubuhi. Mwalimu Njeru, mtu mrefu aliyenuka chaki na ugoro, alichora vistari ubaoni, akasema neno liwe na herufi ngapi na lazima liwe na herufi gani. Kamusi ya shule ilikuwa moja, na ilianzia katikati, kwa sababu kuanzia A mpaka karibu na M mlinzi wa shule alikuwa amesokotea tumbaku akavuta. Kwa hiyo mwalimu aliweka sheria yake: neno halihesabiwi mpaka ulionyeshe limeandikwa mahali. Ushahidi kwanza.

Basi tulisoma kila kitu. Karatasi za sabuni, mikebe ya dawa ya kupe, betri za redio. Nilikuwa nachunga mbuzi huku macho yako chini kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kuna siku tuliulizwa herufi sita yenye G, nikasema DANGER, na darasa zima likatembea mpaka kwenye nguzo ya stima kuhakikisha. Liko pale, na fuvu la kichwa juu yake. Tulirudi kipindi cha hesabu kimekwisha, na ndiyo maana mpaka leo wenzangu wa darasa lile hawajui kugawanya. Mimi nilijifunza baadaye, kwa kuuza ndizi.

Mpinzani wangu aliitwa Ireri. Babake alikuwa karani, kwa hivyo Ireri alikuwa na viatu, na sauti ya mtu mwenye viatu. Mimi nilikuwa na kaptura moja, na kaptura hiyo ilikuwa na habari zake. Nyuma ilikuwa imeisha kabisa. Mjomba aliyefanya kazi ya kahawa huko juu Embu akamletea mama kipande cha gunia, naye mama akakata viraka viwili, kimoja kila upande wa makalio. Mnakumbuka zile tulizoita televisheni. Zangu ziliwasha. Nilikaa darasani kama mtu aliyekalia siafu. Mama akaniambia, "Nyaga, usiwape watu mgongo. Nguo zetu zinaongea." Kwa hivyo niliketi nyuma ya wote, na jioni nilitoka wa mwisho.

Sasa ikaja siku ya kufunga shule. Wazazi wamejaa kwenye mabenchi, chifu yuko mbele na kofia yake, na kutoka jikoni kwa walimu inakuja harufu ya chapati. Wa rika langu wanajua chapati ilikuwa nini. Ilikuja Krismasi, ikapita, ukabaki ukinusa vidole hadi Februari. Mwalimu Njeru akatangaza kwamba atakayeshinda neno la mwisho atakula chapati pamoja na walimu. Mate yakanijaa mpaka nikashindwa kumeza.

Akachora vistari sita. "Iwe na X na iwe na P."

Ireri akaruka juu. "EXPERT!"

"Ushahidi?"

"Baba ana karatasi nyumbani, mwalimu."

"Nyumbani si hapa. Kaa."

Hapo ndipo kitu kikaniwasha chini, nikakumbuka. Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelikalia muhula mzima. Gunia la mjomba lilikuwa na EXPORT kwa herufi kubwa nyeusi, na mkasi wa mama ulilipasua katikati: EXP kushoto, ORT kulia.

Lakini fikiria. Kulionyesha ni kumpa chifu mgongo, tena siyo mgongo hasa, na mama yuko pale na leso yake nzuri ya kanisani. Nilimwangalia mama. Nilisikia harufu ya chapati. Nilimwangalia mama tena.

Nikasema, "EXPORT."

"Ushahidi?"

Nikaenda mbele, nikageuka.

Benchi za wazazi zilicheka mpaka moja ikavunjika mguu. Chifu akavaa miwani. Ireri, huyo hakukubali: "Mwalimu, kuna nafasi katikati. Hayo ni maneno mawili."

Mwalimu Njeru akafikiria sana. "Nyaga," akasema, "kaza miguu."

Nikakaza. Nilikaza mpaka magoti yakagongana.

Ndipo nikasikia sauti ya mama. Alikuwa amesimama. "Mwalimu, ukimaliza kusoma angalia na huo mshono. Uniambie kama kuna fundi Siakago hii anaushinda."

Chifu akainama, akaangalia, akasema hakuna.

Chapati nilikula nusu, nimesimama kati ya walimu. Nusu nilimpelekea mama mfukoni, ikafika na nyuzi na mchanga, akaila yote na kusema wameipika vizuri.

Leo nina malori ya kubeba ndizi. Nyuma ya kila moja nimeandika EXPORT, ingawa ndizi zangu hazijapita Nairobi. Mchoraji wa Meru mjini aliniuliza mbona nataka EXP mlango wa kushoto na ORT mlango wa kulia. Nikamwambia achore. Makena naye ananisumbua niandike upya, ati lile pengo la katikati ni aibu, simu yake inaweza kunitafutia maandishi ya kisasa. Ana maneno yote kwenye hiyo simu, na hakuna hata moja lililowahi kumwasha.

Mimi jioni malori yakirudi hutoka nje kuangalia. Dereva akifunga milango vibaya, pengo likizidi, nampigia kelele akaze. Mama angekuwepo, angeuliza kwanza nani kashona turubai la juu ya lori.