Kusuka Pikapu

Mwalimu wa kwaya kutoka Ruangwa aliposema pikapu yao imekufa, nilimjibu kwamba hapa hatutengenezi magari. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kumbe pikapu ni kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, ndicho kinachopeleka sauti kwenye spika. Waya ulikuwa umekatika ndani, na sikukuu ya parokia yao ilikuwa Jumapili.

Alikuwa amemfuata mume wangu. Kwa miaka mingi mume wangu alikuwa fundi wa kusuka mota hapa Nachingwea, yaani kuzizungushia waya mpya zikiungua; mota za mashine za kusaga zilimfuata kutoka Kiegei mpaka Mbwemkuru. Kisha akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, wateja wakapotea. Mashine yake ya kusukia koili, chuma cha zamani cha kuzungusha kwa mpini, ilibaki sebuleni, naye anashinda akiitazama. Nilichoka kuona. Nilishamwita mnunuzi wa chuma chakavu aje kuibeba Jumamosi. Mume wangu alipoambiwa aliifuta mashine vumbi kwa mkono wa kushoto, na hilo liliniuma kuliko kama angegomba.

Nilitaka kumwambia mwalimu ajaribu kwingine, lakini mume wangu alishaichukua ile pikapu na kuanza kuigeuzageuza. Akaagiza nimletee waya mwembamba kabisa uliokuwa kwenye kopo lake. Akaufumua ule wa zamani, akaifunga pikapu kwenye mashine, akazungusha mpini kwa mkono wa kushoto, akauongoza waya kwa ule wa kulia. Ukakatika. Akaanza upya, ukakatika tena. Akaisukuma mashine pembeni, akasema huyo mtu wa chuma chakavu aje tu. Niliukasirikia ule mkono, si yeye.

Ndipo akaanza kuitazama mikono yangu. Mimi ni msusi, nina kibaraza changu karibu na soko.

"Wewe unasuka vichwa kutwa," akasema. "Suka na hiki."

Nilimwambia aache utani. Hakuwa anatania. Nikakaa, yeye akashika mpini, mimi nikaushika waya kwa kidole na gumba. Usivute, ananiambia, na usiulegeze. Nilikuwa naijua kazi hiyo: mtoto ukimvuta nywele analia, ukimlegezea zinafumuka kabla ya Jumapili. Mashine ilizunguka, mimi nikaupeleka waya huku na huku mpaka pikapu ikajaa. Mume wangu akanielekeza kulehemu ncha zake, kisha akaipima kwa tesita, sindano ikapanda, umeme unapita. Mwalimu akairudisha kwenye gitaa, akaliunganisha na redio yetu, akagusa uzi mmoja. Sauti ikatoka nene, nzuri. Mume wangu alilia, na mimi nikafurahi mpaka nikakosa adabu, nikapiga vigelegele mbele ya mgeni.

Jumamosi mnunuzi alifika na guta lake la magurudumu matatu. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia akimwamkia mume wangu mlangoni, shikamoo fundi, nimefuata ile mashine.

"Muulize fundi mwenyewe," mume wangu akamjibu. "Yuko jikoni."

Nilitoka na mikono ina unga. Jina lile la fundi nilitaka limrudie yeye, na yeye alikuwa amenipa mimi. Nilimwambia mnunuzi mashine haiuzwi. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa ameshakaa kwenye stuli yake, mkono wa kushoto uko juu ya mpini, ananisubiri ninawe mikono.