Tangi la Samaki Sebuleni kwa Mama

Kaka yangu alizama ziwani, upande wa Luzira, siku mashua aliyopanda kwenda visiwani ilipopinduliwa na upepo. Wenzake wote walipatikana, wengine hai, wengine maiti. Yeye hakuonekana. Sheikh wetu alituambia inafaa kumswalia swala ya ghaibu na kumsomea hitima, maiti awepo asiwepo. Mama akasema yeye hamsomei hitima mtu aliye safarini. Baba, aliyekuwa askari, alishafariki zamani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwamuru mama. Hata angekuwapo, sidhani angethubutu.

Tukaishi hivyo miaka. Nyumbani kwetu Kyebando samaki hakuingia jikoni tena, na mama akaacha kunywa maji ya bomba. Maji ya bomba Kampala yanavutwa kutoka ziwani; sisi wengine hatulifikirii jambo hilo, tunafungua tunakunywa. Yeye alilifikiria kwa kila kikombe. Aliletewa na mtu wa boda jerikeni za maji ya chemchemi, akayachemsha, akayanywa na kuyatawadhia. Mimi nilikuwa nikinywa ya bomba mbele yake makusudi. Nilishachoka kukaa na mtu asiyekufa wala kurudi. Nilitaka asomewe, mama alie, yaishe.

Tangi nililitamani kwa daktari wa meno. Lilikuwa msitu mdogo ndani ya kioo, majani mabichi kabisa, na mimi shavu limekufa ganzi nikasema nami nitakuwa nalo. Nilimweleza mama kwamba hawa ni samaki wa kutazama, si wa kula. Akanyamaza, na kwetu kunyamaza si kukubali.

Muuzaji mmoja karibu na Nakivubo aliniuzia kioo, pampu ya kuchujia, taa, na mimea ya majini iliyofungwa ndani ya gazeti bichi.

"Usiweke samaki kwanza," akaniambia. "Panda majani, washa taa, acha maji izoee. Watu wengi wanaharakisha, samaki inakufa."

Nilipomuuliza ningoje mpaka lini, akacheka. "Subira huvuta heri, dada."

Subira mimi sijawahi kuwa nayo, hata ya kungoja chai ipoe. Lakini nilifanya kama alivyosema. Nilimwaga udongo, nikaufunika kwa mchanga, nikapanga mawe, nikapanda majani moja moja kwa kibanio changu cha nyusi. Kisha nikaingiza mpira wa maji. Maji yalichafuka, yakatulia, yakang'aa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Hii maji imetoka wapi?"

"Ya bomba, mama."

Alikuja akakaa mbele ya kioo. "Umemuleta ndani ya nyumba," akasema taratibu. Nilitaka kucheka, nikaona nywele za mikononi zimesimama.

Kwa wiki kadhaa tangi lilikaa vile, limewashwa taa, halina mtu. Pampu ilinong'ona mchana kutwa na majani yakatikisika bila chochote kupita. Mama alihamishia kiti chake pale. Asubuhi alikuwa akilisalimia kwa sauti ya chini, na siku moja nilimsikia akiuliza kama amekula. Niliogopa. Nikawa napita sebuleni haraka, uso ukutani, katika nyumba ninayoilipia umeme mwenyewe. Hata hivyo siku moja jani liliinama nilipokuwa nikipita, na kabla sijajizuia nikasikia mdomo wangu ukisema salaam aleikum.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kununua samaki, mapema kuliko nilivyoelekezwa, ili kitu kingine kikae mle. Walikuwa wachache, wadogo kama kidole. Mmoja mwekundu mama alimpenda, na nikafurahi kuona sasa anafuata samaki kwa macho wala hazungumzi tena na majani.

Alasiri moja yule mwekundu hakuwapo. Tulimtafuta. Nilifunua majani kwa wavu mdogo, nikainua mawe, nikapekua sakafuni nyuma ya kabati nikidhani ameruka. Walikuwapo wenzake tu, wamenona, na konokono walioingia pamoja na mimea. Nikampigia muuzaji, simu nikaiweka spika ili mama asikie.

"Huyo amekufa," akasema. "Wenzake na konokono wamekula. Ingine inakuwa mbolea ya majani. Hutaona hata mfupa."

Mama aliangalia kioo muda mrefu. Alikitazama upande huu, akazunguka, akakitazama upande ule.

"Kwa kioo ndogo hivi," akasema, "na tumemukosa."

Kisha akaketi, akavuta leso kichwani. "Ita sheikh. Waje wamusomee mtoto wangu."

Ndilo neno nililoligombania miaka yote. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika wavu, na maji yalikuwa yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Tungoje kidogo, mama," nikasema. "Nyuma ya lile jiwe sijatazama vizuri."

Jiwe lenyewe nilikuwa nimeshaliinua, naye aliniona. Nikaingiza wavu tena, nikalisogeza, nikasogeza na la pili yake. Mama akainuka, akautoa wavu mkononi mwangu, akanifuta mkono kwa leso yake, akaniambia nikae chini nilie.