Ile Wimbo ya Kukamulia Ngombe

Sikunywa kitu siku ile, hata pombe ya kasiksi kidogo. Na haikuwa usiku. Ilikuwa muchana, ukungu tu njo ilikuwa imefunika vilima vya Kirolirwe vile inafanyaka. Muniamini ao muache. Miye nilimuona jirani yangu, Papa Bahati, na Papa Bahati alikuwa ameshakufa.

Kwanza nikuelezee ile wimbo, juu bila ile hautaelewa kitu. Papa Bahati alikuwa anakamua ngombe na radio ndogo ya kutia kadi kwenye shingo. Kila mangaribi, ile wimbo moja tu: slow, wimbo ya polepole ya zamani ya Wazungu, ya magitare. Mwanaume anaanza analia polepole, kisha ngoma zinaingia, kisha gitare moja inabaki inalia yenyewe mpaka mwisho. Ngombe zilizoea vibaya. Bila ile wimbo hazikuwa zinashusha maziwa. Ukiziwekea ya kwaya, zinakuangalia tu.

Na siye tulizoea kuliko ngombe. Watu walikuwa wanakuya na chupa zao kuchukua maziwa, wanabaki kwenye lupango, mule ndani ya ua, kusikiliza. Nani kati yetu alijua Kiingereza? Hakuna. Lakini mama mumoja alikuwa anasema huyu ni mutoto anaomba mama yake musamaha. Mwalimu anasema hapana, ni askari iko mbali na kwao. Kijana mwenye alikuwa anabebaka mizigo ya mawe ya coltan kule Rubaya anawacheka wote: ni mutu iko ndani ya shimo, anaona mwangaza juu. Walikuwa wanabishana mpaka maziwa inapoa. Gitare ya mwisho ikifika, kila mutu ananyamaza. Miye mwenyewe, mwanaume muzima na ndevu, nilikuwa najifanya moshi imeniingia mu macho. Moshi gani? Hapakuwa hata moto.

Papa Bahati alikufia Goma, ku hospitali, wakati barabara ilikuwa imefungwa. Walimuzika kule kule. Bibi yake, Mama Bahati, hakufika. Radio nayo ilipoteleaka kule, na wimbo ndani yake. Na Mama Bahati hakulia. Vraiment, hata chozi moja. Alikuwa anakaa mbele ya mulango kama mutu mwenye anangoja gari, na usiku hakuwa analala. Siku moja akaniambia, "Papa, nikisikia ile wimbo mara moja tu, mpaka mwisho, nitalia. Kisha nitalala."

Basi nikamutafutia. Nilishuka mpaka Rubaya, kwa vijana wenye wanatiaka nyimbo mu telefone. Jina ya wimbo? Sijui. Mwimbaji? Sijui. Nikawaimbia, pale pale katikati ya watu. Walicheka mpaka mumoja akakaa chini. Wakanitilia ingine, nikafika nyumbani nikakuta ni ya kutangaza sabuni.

Sasa siku ile ya ukungu, ngombe yangu moja ilikuwa imepotea. Nikapanda kuitafuta kwenye majani, juu kidogo ya nyumba ya Mama Bahati. Nikasikia ile wimbo. Mwanzo wake kabisa. Nikasimama. Ngombe yangu ilikuwa imelala, inatafuna, na pembeni yake Papa Bahati amechuchumaa, na buti zake, na kofia yake, na radio kwenye shingo. Kitu moja tu haikuwa sawa: ukungu haikuwa inamuzunguka, ilikuwa inapita ndani yake.

"Kaka," akasema bila kugeuka, "kimbia uniitie bibi yangu. Hii iko ya mara moja. Siwezi kuirudisha ku mwanzo."

Nyumba iko pale chini. Mutu akiita kwa nguvu, anasikilika. Na sikuogopa, njo kitu inaniuma mpaka leo. Kama woga ingenikamata, ningekuwa na la kusema. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na sauti. Lakini yule mwanaume wa Kizungu alikuwa ameanza kulia, na nilikuwa sijamusikia depuis radio ipotee, nikajiambia: kidogo tu, ngoma ziingie, kisha niite. Ngoma zikaingia. Nikajiambia: nikipiga kelele sasa nitaiharibu. Gitare ikaanza. Machozi ikanishuka mpaka mu ndevu, sikusema ni moshi. Nilifurahi. Unanisikia? Nilifurahi, na mwanamuke iko pale chini anachagua maharagi.

Gitare ikaisha. Papa Bahati akageuka, akatafuta nyuma yangu na macho, akaona niko peke yangu.

"Haukumuita, kaka?"

Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Akasimama polepole, vile anasimamaka mutu akimaliza kukamua, akaingia mu ukungu, na pale nikabakia na ngombe.

Nikashuka. Ningeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini mulango ilikuwa wazi na Mama Bahati alikuwa ameshaniona. Nikamuelezea yote, mpaka ile ya kufurahi. Akaweka maharagi chini. Akapanda kule juu na ile goti yake yenye kuuma, akasimama mu majani, akarudi. Akaniuliza:

"Uliisikia mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, Mama."

"Basi niimbie."

Nikaanza. Ile kilio ya polepole niko nayo. Ngoma niko nazo. Nikafika ku gitare, nikafungua kinywa, na hapakuwa kitu. Ile sehemu nilimuibia imetoka mu masikio yangu yote, kama haikuingiaka. Nikarudi ku mwanzo, nikakwama pale pale.

Na wewe mwenye unanisikiliza, kama siku moja mwenye alishakwenda anakutuma kuita mutu wake, ita kwanza. Usijiambie kidogo tu. Hata kama kitu iko nzuri namna gani, si yako.

Mama Bahati anakuyaka kila mangaribi wakati nakamua. Anasimama kwenye lupango, miye naanza, ngombe zinainua vichwa, nafika ku gitare, nanyamaza. Jana vile vile. Akachukua chupa yake ya maziwa.

"Aksanti, Papa," akasema. "Kesho tutajaribu tena."

Mpaka leo hajalia.