Kamati ya Kumpandisha Mwalimu Caren Mlimani

Mwalimu Caren Chelangat alikosea mahali pamoja tu: alisema. Angenyamaza, angeamka siku yake, akavaa gambuti na kwenda zake, na habari zingefika kijijini yeye akiwa amesharudi. Lakini alisema, tena mbele ya Johana, kwenye banda la kununulia majani chai, siku ambayo lori la kiwanda lilikuwa limekwama kwenye matope na wakulima hawakuwa na la kufanya ila kusikilizana.

Alichosema ni kwamba likizo ile ya Agosti angependa kupanda Tulwet, peke yake, kwenda na kurudi siku moja.

Tulwet kwa Kikipsigis ni mlima tu. Kwenye ramani ya serikali una jina lingine refu ambalo hakuna anayelitumia, kwa kuwa huku juu ya Kipkelion ukisema mlima hakuna atakayekuuliza upi. Caren alikuwa ameutazama kupitia dirisha la darasa la saba tangu aajiriwe akiwa msichana. Kila mwaka aliuchora ubaoni akifundisha mistari ya kontua: ikikaribiana, hapo pana mteremko mkali, ikiachana, pana nafuu. Watoto waliojifunza mlima huo ubaoni sasa walikuwa na watoto wao, na mwalimu mwenyewe hakuwahi kufika hata msituni unakoanzia. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yake. Hakuwa na nyingine.

Johana alikuwa mwenye duka, mwenyekiti wa soko, mwenyekiti wa shule, mwenyekiti wa mradi wa maji ambayo hayajafika mpaka leo, na mtu wa chama kiasi cha kuvaa beji hata akienda kukamua ng'ombe. Alipomsikia Caren alisikitika. Hakusikitika kwamba mwanamke anataka kupanda mlima. Alisikitika kwamba jambo lilitaka kufanyika bila kamati.

Wiki haikuisha kamati ikawa ipo. Johana akawa mwenyekiti. Kepher, karani wa kiwanda aliyetoka upande wa ziwa, mwenye Kiingereza kingi na ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za ofisi, akawa katibu. Mchungaji Kipsang akawa mweka hazina, ingawa hazina haikuwepo. Caren mwenyewe aliteuliwa mjumbe wa kawaida, akaambiwa ashukuru, maana wapo walioitaka nafasi hiyo.

Ajenda ilikuwa moja, njia. Johana alitaka ipite sokoni, mbele ya duka lake, ili wananchi wamwone mwalimu na kupata moyo. Caren akasema kwa upole kwamba soko liko bondeni na mlima uko upande wa pili. Johana akamjibu kwamba maendeleo hayataki haraka. Mchungaji alipendekeza kijia kinachoanzia nyuma ya kanisa lake jipya, lile ambalo paa lake halijakamilika, na kupanda moja kwa moja hadi kileleni. Caren alikijua kijia hicho kwenye ramani: kontua zake zimebanana kama nywele zilizosukwa kwa ajili ya harusi, na kimelala ndani ya korongo. Mchungaji akasema njia ya wokovu nayo ni nyembamba. Kepher yeye alitetea barabara ya malori ya kampuni ya chai kwa sababu ya heshima ya kamati. Barabara hiyo inauzunguka mlima wote bila kuugusa na kuishia kwenye geti la meneja, penye mbwa.

Mkutano wa pili alikuja naibu chifu, mzee Kiplimo, ambaye hakualikwa na mtu lakini hakuna aliyethubutu kutomwachia kiti. Alikuwa na wasiwasi.

"Mwalimu, watu wakikusanyika bila kibali najua la kufanya," akasema. "Lakini mtu akitembea peke yake kutwa nzima, anakuwa anafikiria. Sasa atakuwa anafikiria nini?"

"Mvua, mzee," Caren akajibu. "Nitakuwa nafikiria mvua."

Naibu chifu alilichunguza jibu hilo kila upande, hakuona siasa ndani yake, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Akaamua kuja mwenyewe siku ya safari kama mgeni wa heshima.

Hatimaye wajumbe walielewana kwa namna wanayoelewana wajumbe popote: njia zote tatu ziunganishwe. Jumamosi mwalimu angeanzia sokoni kwa hotuba, apite kanisani kwa maombi, kisha afuate barabara ya malori akisindikizwa na kwaya. Caren alipiga hesabu kichwani akaona atatembea kutwa nzima bila kupanda hata kichuguu. Alipouliza kilele kiko wapi katika mpango huo, Kepher alimwambia kitazungumzwa kwenye mengineyo. Walipofika kwenye mengineyo, chai ilikuwa imeletwa.

Jioni hiyo aliitandaza ramani kuukuu ya shule mezani na kuikandamiza pembeni kwa mkebe wa sukari. Kwetu huku mvua hunyesha karibu kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo mtu wa kileleni lazima awe ameshageuka kabla ya hapo. Kijia cha mchungaji kilikuwa kifupi, lakini maji ya mlima mzima hukimbilia humo. Mgongo wa mlima upande wa mashariki ulikuwa mrefu mara mbili. Hata hivyo ulipanda polepole, maji yalimwagika pande zote mbili bila kutuama, na kutoka huko mtu angeliona wingu likija. Aliuchagua kwa kwenda na kwa kurudi, maana kwenye ukungu si pa kujifunzia njia mpya. Akajiwekea sharti: wingu likigusa bega la mlima, anageuka, hata kama kilele kiko mbele ya pua. Jambo la mwisho hakumwambia mtu. Kwenye mgongo ule hapakuwa na nyumba ya mjumbe yeyote wa kamati.

Mumewe Kipkurui, fundi wa boila kiwandani, alisikiliza yote hayo huku akichochea moto, kisha akauliza ni nani atakamua ng'ombe.

"Wewe," Caren akasema.

Kipkurui akasema ng'ombe yule hampendi. Caren akamwambia basi ni wakati wao wa kuzoeana.

Alitoka Alhamisi, kabla jua halijachomoza, na chupa ya chai, kipande cha ugali baridi na kibuyu kidogo cha mursik, maziwa ya mgando. Alimwonyesha Kipkurui mgongo wa mashariki kwa kidole, akamwambia giza likiingia hajarudi amtafute hapo, asitafute kwingine.

Mashamba ya chai yaliisha, msitu ukaanza, na baada ya msitu ikaja mianzi. Humo ndani njia iligawanyika mara tatu na hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Caren alisimama, na kwa dakika chache aliitamani kamati. Akashika njia moja. Iliteremka, ikateremka, mpaka akasikia maji, na maji maana yake korongo. Alijitukana kwa Kikipsigis, lugha ambayo hakuwaruhusu wanafunzi wake kuitumia darasani, akarudi juu huku upupu ukimwasha mikono.

Kileleni palikuwa na nyasi, nguzo ya saruji ya wapima ardhi na mavi ya mbuzi. Upande wa pili kulikuwa na mashamba ya chai, mabati, shule yenye uwanja mwekundu, na mtu mdogo kama sisimizi akianika nguo. Hakujua alikuwa ametegemea kuona nini. Alicheka, kisha machozi yakamtoka, na hakuwa na huzuni yoyote. Alikunywa chai yake yote. Alipogeukia kwao alilitafuta duka la Johana asilione.

Wingu lilipogusa bega aliondoka, ingawa bado alitaka kukaa. Mvua ilimkuta kwenye mianzi. Aliteleza, akaketi kwenye matope kwa kishindo, goti likaumia. Lakini mgongo wa mlima ulibaki kuwa mgongo. Upande wake wa kulia, kule chini kwenye kijia cha wokovu, alisikia maji yakisukuma mawe.

Kipkurui alikuwa amesimama mwisho wa msitu na mwavuli, shati limechanika mkono, ananuka maziwa kuliko ng'ombe mwenyewe. Aliuliza huko ng'ambo kuna nini.

"Chai," Caren akasema.

"Hata huko?"

"Hata huko."

Jumamosi hema lilisimamishwa sokoni kama ilivyopangwa. Caren alifika akichechemea, akamnong'oneza Johana kwamba alishakwenda. Johana akasema jambo hilo haliko kwenye mpango, kwa hiyo bado halijatokea. Utepe ukakatwa. Hotuba ziliendelea mpaka mvua ya mchana ikawatawanya, na Johana, akipiga kelele chini ya turubai linalovuja, akatangaza kwamba mwalimu amepanda mlima kwa njia ya kamati na hakuna aliyeumia. Watu wakapiga makofi. Caren naye akapiga.

Kamati haikuvunjwa. Mara ya mwisho kusikika ilikuwa ikijadili muhuri.

Lakini siku chache baadaye Fancy, mke wa Johana, alipitia mlango wa nyuma jikoni kwa Caren, akaketi, akauliza bila haraka.

"Mwalimu, ile njia ya mgongoni, mtu wa mwili kama wangu anaiweza?"

"Anaiweza, akitoka mapema. Wingu likigusa bega, geuka."

"Tutaenda pamoja?"

"Hapana, mama. Chagua siku yako."

Fancy alichagua siku ambayo mumewe alikuwa Kericho kwenye mkutano. Johana aliporudi jioni alimkuta dukani akipima sukari, sketi ina matope mpaka magotini na jani la mwanzi limenasa kwenye kitambaa cha kichwa. Alimwuliza ametoka wapi. Fancy akamwambia alienda kutafuta kuni, akaendelea kupima.