Kifaa cha Kusikia cha Dereva wa Treni, na Simu ya Posta Kigoma

Wakuu, nawasalimu kutoka kiti cha mbele, mahali nilipokaa maisha yangu yote kwa sababu ambayo niliisema hadharani mara moja tu.

Nakiri leo: sisikii vizuri. Kwa miaka mingi nilishikilia kwamba watu wa siku hizi wananong'ona. Nimesoma mpaka chuo kikuu nikiwalaumu wahadhiri kwa kumeza maneno.

Kuna mdau juzi aliuliza atapata wapi kifaa cha kusikia cha bei nafuu kwa ajili ya mama yake. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta narudi Ujiji, enzi za Ujamaa. Nitakayoandika ni kweli, hata yale yanayonivunjia heshima.

Nikiwa darasa la tano niliugua malaria kali. Nikapigwa sindano za kwinini, nikapona, masikio yakabaki huko huko kwenye homa.

Sikumwambia mtu. Nilisoma midomo ya mwalimu, na mengine nikanakili kwa jirani yangu Zaina.

Nikafaulu darasa la saba! Nikachaguliwa shule ya wasichana ya bweni, Tabora. Mtaani kwetu nilikuwa msichana wa kwanza, na mama, aliyekuwa akiuza dagaa ufukweni Katonga, alitangaza habari hiyo kuliko redio.

Kisha ikaja fomu ya daktari.

Mganga wa hospitali alisimama nyuma yangu akaniita. Sikugeuka. Akaandika: "Hasikii vizuri." Nilimwambia ni nta tu. Hakufuta.

Baada ya wiki mbili ikaja simu ya maandishi, telegramu, kutoka shule ya Tabora. Mkuu wa shule ataongea na binti mwenyewe, Alhamisi ijayo saa nne, posta ya Kigoma. Asiposikia, nafasi yake atapewa mwingine.

Mama akasema, polepole ili nione midomo, "Kumbe husikii! Siku zote nilidhani una kiburi."

Hospitali hawakuwa na vifaa. Dar es Salaam vilikuwepo, kwa foleni ya miezi. Sisi tulikuwa na siku tisa.

Mama ndiye aliyewaza: nani mwingine Kigoma hasikii? Madereva wa treni! Wale waliokaa na injini za mvuke ujana wao wote.

Tukaenda kwa Mzee Yoramu, dereva mstaafu, kwenye nyumba za reli. Alikuwa na kifaa alichopewa kazini: kiboksi kama kiberiti kikubwa, waya, na kidude cha kuchomeka sikioni.

"Chukueni!" alipiga kelele, kama bado yuko kwenye injini. "Aliyekuwa ananisemesha humu ndani nimemzika mwaka jana. Nibaki nacho nisikilize panya?"

Mama akamwachia dumu la mawese. Mzee akakataa, mama akakataa kukataliwa.

"Ila sikia, binti," akasema, akajicheka kwa neno hilo. "Sikio la hii kitu liko kwenye boksi, siyo kichwani. Livae nje, kifuani. Ukilificha litasikia nguo tu."

Nililificha. Umri wa miaka kumi na minne, nitembee Ujiji na waya? Wiki nzima nikawa nasikia shati langu.

Sasa betri. Zilikuja duka la ushirika mara chache, kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, na zamu yetu ilikuwa imepita. Tukapata moja iliyochoka. Kila siku mama aliianika mchangani pembeni ya dagaa ipate nguvu, kama tulivyofanya wote na betri za redio.

Jumatano mvua ikanyesha kutwa. Alhamisi wingu.

Mama akaibana betri kwapani isipoe, tukatembea hivyo kutoka Ujiji mpaka Kigoma mjini, yeye na mkono mmoja usiotikisika kama askari wa gwaride.

Hapa naomba maoni yenu, maana baada ya simu sitakuwa na la kuongeza. Mdau wangu, waulize wastaafu wa reli, wa viwandani, wa mashine za kukoboa. Vifaa vingi vizuri vimelala makabatini. Ukikipata, kipeleke kwa mtaalamu akisafishe na kukipima. Na mwambie mama yako asikifiche. Wengine mliowahi kuficha, semeni, nisiwe peke yangu.

Basi, posta. Kibanda cha simu kilikuwa kibovu, tukawekwa kwenye kaunta, mbele ya foleni nzima.

Saa nne ikapita. Mama akanifinya: imeita. Nikachomeka betri yenye joto la kwapa, nikaweka simu sikioni kama watu.

Mluzi. Halafu kimya.

Karani akapiga kaunta kwa kiganja. "Ongea, dada! Dakika ni tatu tu!"

Mama alikuwa anajigonga kifuani. Kifua! Kifua!

Nikafungua vifungo viwili, nikatoa kiboksi na waya wake mbele ya Kigoma yote, nikageuza simu juu chini ili pa kusikilizia pawe chini, nikaibandika kwenye boksi.

"Jamani, huyu anasikilizia tumboni!" mtu akasema nyuma. Foleni ikacheka. Ulikuwa mzaha wa kwanza kunihusu niliousikia vizuri.

"Binti, upo?"

"Nipo. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umechelewa kujibu?"

Uongo nilikuwa nao tayari: laini mbovu. Zama zile nani asingeamini?

"Nilikuwa nimeficha mashine yangu ya kusikilizia, mwalimu. Nimeitoa sasa hivi."

Kimya. Sikujua kama ni yeye au ni betri. Sauti ikarudi, nyembamba, inaondoka kama mtu anayetembea huku anaongea. Nikaisikia mpaka neno la mwisho, kisha kiboksi kikafa.

"Amesemaje?" mama akauliza.

Nikajibu kwa sauti kubwa mno, posta nzima ikageuka.

"Amesema nitakaa dawati la mbele. Na niende na betri, huko hakuna!"