Swaumu ya Mtoto wa Miaka Minne

Mvua za Ramadhani ile zilikuwa zimekigeuza kijiji chetu cha Tindiga kuwa jaruba moja la mpunga, na barabara ya Kilosa ilikuwa imekatika. Dada yangu alikuwa Mikumi, akipika katika hoteli ya watalii. Mimi nilirudi nyumbani niandike riwaya. Badala yake nikajikuta kwenye benchi la zahanati, nimempakata mwanawe wa miaka minne, anachemka homa na kuharisha. Mama yangu, bibi yake, alikaa pembeni akivuta tasbihi.

Nesi alifungua kitabu chake cha miongozo, kile kinachomwonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kumpima mtoto. Je, anatapika kila kitu? Amepata degedege? Kisha akamimina maji kwenye kikombe.

"Kunywa, baba."

Mtoto akafumba mdomo. "Nimefunga."

Foleni nzima ikacheka. Mama hakucheka. Ni yeye aliyemwamsha ale daku, kwa utani tu, na mjukuu akaugeuza utani kuwa nadhiri.

"Watoto hawafungi," nesi alisema.

"Mimi nafunga. Nikinywa wataniita kobe."

Ndivyo wanavyoitwa wanaokula mchana, na wenzake mtaani walikuwa na wimbo mzima wa kazi hiyo.

Nesi aliacha kutabasamu. "Shida yangu, mama, mtoto mgonjwa akisema hataki, mara nyingine ni kwamba hawezi. Nisipomwona kwa macho yangu akinywa, lazima aende hospitali ya Kilosa sasa hivi." Akamtuma mlinzi atafute trekta.

Basi watu wazima waliofunga, midomo imewakauka, wakaanza kumbembeleza mtu mmoja anywe maji. Muadhini wa msikiti wa jirani, aliyekuja kupima presha, akamwambia kwamba mtu mgonjwa amesamehewa kufunga.

"Mbona wewe hunywi?"

"Mimi mzima, babu."

"Na mimi mzima," mtoto akajibu, akakilaza tena kichwa kifuani kwangu, macho yamedidimia.

"Mzee, si umwadhinie tu magharibi?" alidakia mama mmoja.

"Saa nne asubuhi? Nikamjibu nini Mungu?"

"Tufunge madirisha kwanza."

Wakayafunga kweli. Tukakaa gizani, tukisubiri jua la uongo lizame.

"Mbona sijasikia adhana?" mtoto aliuliza kwa sauti iliyokwisha nguvu.

Muadhini akalifungua tena dirisha lililokuwa karibu naye.

Nje trekta lilinguruma. Mama akainuka. Mwanamke huyu sikuwahi kumwona akila mchana wa Ramadhani, hata msimu wa kupura mpunga. Alikichukua kikombe, akasema bismillahi, akagugumia nusu yake mbele ya watu wote.

Mtoto alimkodolea macho. "Bibi! Wewe kobe!"

"Ndiyo. Utaniacha niwe kobe peke yangu?"

Aliwaza sana. Kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakimaliza, akalilia kingine, nacho akakikwapua.

"Anakunywa kwa pupa," nesi alisema, uso umemkunjuka, akafungua ukurasa mwingine. "Hiyo nayo ni dalili, amepungukiwa maji. Lakini hii naiweza hapa hapa." Akaanza kukoroga pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, huku akiagiza trekta lisubiri kidogo.

Nikampigia dada, aliyekuwa akisubiri habari tangu asubuhi.

"Anakunywa," nikamwambia.

Nilisikia masufuria ya hotelini yakigongana, kisha dada akivuta kamasi.